Godoro jipya mwaka haujaisha na kiuno kinauma, nibadilishe godoro au kitanda?

BARUA

Anti shikamoo.

Mi nakaa Igoma hapa Mwanza, nina watoto wawili, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mume wangu ni dereva wa gari za mizigo kwahiyo wiki hii yupo wiki ijayo yupo Kahama au Bukoba huko, na akirudi tu ugomvi unaanza upya. Usicheke anti, ugomvi wenyewe ni wa godoro.

Iko hivi, mwaka jana tulihamia kwetu, nyumba haijaisha, nje hatujapiga plasta ila tulichoka kulipa kodi tukaingia hivohivo. Tukasema na kitanda tubadilishe, kile cha zamani cha 5 kwa 6 tukamuuzia jirani, tukampa fundi kazi ya kutuchongea cha 6 kwa 6. Kwakweli kitanda ni kizuri, mninga mtupu, kichwani kamechonga maua hadi raha. Godoro tukaenda kununua mjini, 6 kwa 6 inchi 8, laki nne na nusu, muuzaji akatuapia hili mtalala miaka kumi.

Miezi mitatu ya mwanzo sikuwa na neno. Baadae nikaanza kuamka kiuno kinauma, nikishafika Mwaloni nikahangaika na mabeseni mpaka saa nne hivi kinaachia, nasahau kabisa, kesho asubuhi tena vilevile. Alafu mume wangu ni mtu wa mwili, upande wake pamezama, mimi nikipitiwa na usingizi najikuta nimeteremkia kwake, na joto la huku tulivyo basi usiku mzima ni kusukumana.

Nikarudi kwa muuzaji na risiti yangu, akasema godoro lake halina shida, na waranti haihusu godoro lililolaliwa vibaya. Nikamuuliza kulaliwa vibaya ndo kukoje, akacheka na wenzake. Nikaondoka.

Sasa mume wangu anataka tununue la springi inchi 12, alilala kwenye gesti moja huko safarini akarudi anasimulia utadhani kaenda Ulaya. Mama mkwe nae alikuja kutoka Sengerema akakaa kwetu kama wiki mbili, yeye anasema haya masponji laini ndo yanaharibu migongo ya vijana, tununue gumu kabisa, yeye kalala kitanda cha kamba ujana wake wote na mgongo wake mzima mpaka leo. Jirani akanishauri niweke maboksi chini ya godoro, nikaweka, siku kadhaa nikaona afadhali. Juzi nimenyanyua godoro nifanye usafi nakuta boksi limelowa kama lilimwagiwa maji, na godoro kwa chini lina madoa meusi meusi na harufu.

Nimepima kabla ya kuandika maana najua utaniuliza. Chaga, zile mbao za kubeba godoro, ziko 6, kila moja ina upana wa inchi 4, kutoka chaga moja mpaka nyingine tepu inasoma inchi 9 na nusu na kidogo. Zimetoka ubavu mmoja mpaka wa pili bila kitu cha kuzishika katikati. Kitanda kwa ndani ni futi 6 kamili kila upande.

Nisaidie anti, pesa ya kununua godoro lingine ipo ila ni ya mtaji, nikiitoa nataka niitoe mara moja. Na la mwisho, watoto tumewanunulia deka la chuma, la juu niweke godoro la inchi ngapi?

Wabeja sana.
Mama wa Igoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kupima, umenipunguzia maswali kumi. Tena hizo namba zako zimeshajibu nusu ya barua. Mtaji wako usiuguse kwanza. Shemeji asubiri springi yake, mama mkwe asubiri godoro lake gumu, maana mpaka sasa hakuna hata mmoja kati yenu aliyekitazama kitanda chenyewe, wote mnalitazama godoro.

Fanya hivi leo usiku. Toa godoro kwenye kitanda, deki sakafu ikauke vizuri, tandika mkeka, weka godoro juu yake mlale hapo chini siku tatu nne hivi. Asubuhi mkiamka linyanyue liegemee ukutani lipate hewa, usiliache limelala kwenye saruji kutwa nzima maana litazidi kuvunda. Sakafu haina nafasi na haibonyei, kwahiyo ukiona kiuno kimepoa ukiwa chini basi godoro lako halina kesi, mgonjwa ni kitanda. Ukiona maumivu ni yaleyale na lile shimo la shemeji mmeshuka nalo mpaka sakafuni, hapo godoro nalo lina lake. Jaribio halina gharama, ukiacha shemeji kulalamika mbu, na neti mnaweza kuishusha.

Kuna na kipimo cha uzi. Chukua uzi wa nyavu, we huwezi kuukosa, uvute uwe umekaza kutoka ukingo mmoja wa godoro mpaka mwingine, pasiwe na mtu juu, alafu shusha rula kutoka kwenye uzi mpaka pale palipozama zaidi. Ikiwa haifiki inchi moja godoro bado lina maisha, sponji yoyote ikilaliwa inapungua kidogo, hiyo ni kawaida. Ikipita inchi moja na nusu hilo limechoka, na kukirekebisha kitanda hakutalirudisha, kutalinda lijalo.

Sasa tuje kwenye hizo chaga. Chaga 6 za inchi 4 ni inchi 24. Kitanda chako kina inchi 72. Kwahiyo zinabaki inchi 48 ambazo chini yake ni hewa tupu, yaani sehemu kubwa ya godoro lenu haijabebwa na kitu chochote kwa chini. We unazijua chanja za kuanikia dagaa, miti ikiwekwa mbalimbali neti inafanyaje? Inabonyea pale palipo na nafasi, dagaa wote wanajikusanya hapo, na baada ya muda neti inabaki na tumbo hata ukiziondoa dagaa. Sponji nayo ndo hivohivo. Mtu akilala uzito wake hausambai sawa, unakaa kiunoni na mabegani, kile kipande cha sponji kilichopo juu ya nafasi kinasukumwa kwenda chini kila siku usiku kucha, vitundu vidogo vidogo vya ndani vinavyoifanya sponji irudi juu vinachoka na kupasuka, na hapo godoro linaanza kushika umbo la chaga. Kwa godoro la sponji nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3 hivi. Yako ni mara tatu ya hapo!

Na hiyo ya wewe kuteremkia kwa mwenzio, hapo nashuku kwamba chaga zenyewe nazo zinapinda. Ubao wa futi 6 umeshikwa huku na huku tu, katikati hauna kitu, wanaulalia watu wazima wawili na mmoja ni wa mwili, lazima upinde. Lala chali sakafuni uchungulie chini ya kitanda huku shemeji akiwa amelala juu, utaona mwenyewe. Kitanda chochote kuanzia futi 5 kwenda juu kinataka mti wa katikati kutoka kichwani mpaka miguuni, na mti huo uwe na mguu unaogusa sakafu. Mguu huo watu wengi hawautaki eti unaharibu kufagia.

Mafundi wetu nawapenda ila tuseme ukweli, pesa ya mteja inaishia kwenye kile anachokiona, kichwa kinachongwa maua, ubavu unapigwa vanishi mpaka unajiona uso, chaga ambazo ndo zinabeba watu zinatoka kwenye mabaki ya kazi nyingine. Na sisi wateja hatusaidii, nani umewahi kumwona dukani au kwenye karakana akihesabu chaga kabla ya kutoa hela? Ukiagiza kitanda sema na idadi ya chaga, sema na mguu wa kati, iandikwe kwenye makubaliano kama ulivyosema mninga.

Kukirekebisha sio kazi kubwa. Ongeza chaga 5 ziwe 11 za inchi 4, hapo mbao inachukua inchi 44, zinabaki inchi 28 zigawe kwa nafasi 10, kila nafasi inakuwa chini ya inchi 3 kidogo. Usikubali fundi akuambie lazima ziwe mninga, paini ya kawaida inatosha ili mradi iwe imekauka, unene inchi moja, na isiwe na macho makubwa maana hapo kwenye macho ndo inapokatikia. Chini weka mti wa mbili kwa nne, uwe umesimama kwa ule upana wa inchi 4, ukilazwa ubapa nao utapinda, na upate mguu katikati, kwa uzito wa shemeji ningeweka miwili. Mwambie fundi atumie skrubu, misumari ikilegea kitanda kinaanza kupiga kelele, na nyie mna watoto chumba cha pili. Alafu apitishe msasa pembe zote zisikate godoro. Wakati kitanda kimefunguliwa angalia kwenye viungo na matundu kama kuna kunguni, ukiwaona mwagia maji yanayochemka kwenye viungo hivyo, ukiache kikauke juani, ndo ufunge. Gharama yote hiyo ukiweka na ufundi haikaribii laki nne na nusu.

Wengine watakuambia tandika plaiwudi juu ya chaga ulizonazo. Inafanya kazi, hasa kama chaga zako zimeshapangwa vibaya na hutaki kufungua kitanda, ila mambo mawili. Karatasi moja ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4 kwahiyo kwa kitanda cha 6 kwa 6 unahitaji mbili, wenye 5 kwa 6 moja inawatosha wakikata kwa akili, na maungio yaangukie juu ya chaga yasiangukie hewani. Pili ni hewa. Plaiwudi isiyo na matundu inalifunga godoro kwa chini, mwili unatoa jasho usiku kucha, unyevu unashuka kwenye sponji unakosa pa kutokea. Toboa matundu ya kuingia kidole, mengi, karatasi nzima. Na msiniletee ile MDF ya unga wa mbao, ikinyonya maji inavimba kama mandazi na hairudi.

Hapo ndo tunafika kwenye maboksi yako. Jirani alikutakia mema ila yatoe leo. Boksi halibebi uzito, lilikupa afadhali siku kadhaa kwa sababu lilikuwa bado kavu, likishanyonya jasho linalegea linazama kwenye nafasi pamoja na godoro, na unyevu linaushikilia palepale. Hayo madoa meusi ni ukungu. Tena nyumba yenyewe ni mpya na nje haina plasta, mvua ikipiga tofali zinanyonya, ukuta unatoa unyevu ndani miezi mingi, ukiongeza na sisi wa ziwani hewa yetu sio kavu kama ya Dodoma, sasa kama kichwa cha kitanda kimegusa ukuta wa nje kisogeze, acha nafasi ya kupitisha mkono. Godoro litoe jalada lake kama lina zipu, lifue, sponji ipige brashi kavu ukiwa nje na umejifunga kitambaa puani, alafu ianike kivulini penye upepo kutwa nzima, jua kidogo sio mbaya ila jua kali la siku nyingi linaikausha sponji inaanza kupukutika unga. Usiiloweke maji na sabuni hata ukishawishika vipi, ndani haitakauka. Harufu ikigoma kutoka baada ya yote hayo na madoa yameingia ndani ya sponji, hapo nitakuambia ukweli, hasa kama kuna mtoto mwenye pumu, hilo godoro liondoke chumbani.

Na kama bado lina ile nailoni ya kiwandani, ivue! Najua watu wanaiacha ili godoro lisichafuke. Nailoni haipitishi jasho, unalala juu ya maji yako mwenyewe.

Tuje kwa shemeji na springi zake. Simbishii kwamba alilala vizuri, ila gesti alilalia godoro pamoja na kitanda chake, na gesti nyingi kitanda ni boksi lililofungwa juu bapa au chaga zimebanana. Akilichukua godoro hilohilo akalileta kwenye nafasi zenu za inchi 9, zile springi za kwenye vifuko, ambazo kila moja upana wake ni inchi 2 na kidogo, zingine zitakuwa zimekaa juu ya chaga na zingine hewani, zinapishana, na haichukui muda atakuja kukuambia godoro ni feki. Ukishaweka chaga 11 na mti wa kati hana tatizo, springi itakaa. Lakini pima kimo kabla hajatoa hela. Kutoka juu ya chaga mpaka ukingo wa ubavu ni inchi ngapi? Godoro la inchi 12 kwenye ubavu wa inchi 5 linatokeza inchi 7 nzima juu, maua yako ya kichwani yanafunikwa nusu, na ukikaa kitandani miguu inaning'inia, mama mkwe akija ndo hapandi kabisa. Kitanda kizuri ukikaa pembeni nyayo zinagusa chini zote.

Alafu kuna neti, hili wauza magodoro hawalisemi. Neti inatakiwa ichomekwe chini ya godoro pande zote nne, ukinyanyua godoro kwa inchi 4 zaidi ya lile la sasa unaweza kukuta neti haifiki tena, inabaki inaelea, na huku Kanda ya Ziwa malaria haijaondoka. Ama ushushe fremu ya neti ama ununue neti ndefu, ila liwepo kwenye bajeti tangu mwanzo. Na shuka zako za kuvisha zenye mpira za inchi 8 hazitaingia kwenye la 12, hilo nalo ni pesa.

Mama mkwe usimbishie, msikilize vizuri kwanza. Kuna utafiti ulifanyika Hispania ukatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2003, watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, wengine wakapewa magodoro magumu na wengine ya ugumu wa kati, baada ya siku 90 waliolalia ya ugumu wa kati ndo waliokuwa na nafuu zaidi. Godoro gumu kupita kiasi linakuacha umebebwa na mabega na nyonga tu, kiuno kinaning'inia. Lakini muulize mama kitu kimoja, kile kitanda chake cha kamba kilipokuwa kinalegea walifanyaje? Atakuambia walikaza kamba. Hawakubadilisha kilichotandikwa juu, walishughulika na kitanda. Kwahiyo yeye na mimi tuko upande mmoja, na ukimpelekea hoja hivyo atakuwa wa kwanza kumwambia mwanae amwite fundi.

Ikitokea vipimo vimekuambia godoro limekwisha na lazima ununue, usianze na jina la kampuni, anza na uzito. Ugumu unaoubonyeza kwa kiganja dukani unadanganya, sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu ikiwa mpya na ikalegea baada ya muda mfupi. Kinachodumu ni wingi wa sponji yenyewe ndani, wenye kiwanda wanauhesabu kwa kilo kwa kila mita moja ya ujazo. Godoro la 6 kwa 6 inchi 8 lina ujazo wa mita 0.68 hivi, kwahiyo sponji ya kilo 16 kwa mita itatoa godoro la kilo 11, ya kilo 25 itatoa kilo 17, ya 30 inafika 20. Kwa macho yote yanafanana, na jalada la maua ni lilelile. Kwa mtu wa mwili kama shemeji usishuke chini ya 25, ukiweza 30 ni bora. We unashinda kwenye mizani pale Mwaloni, mtu akikuuzia gunia bila kupima unamkubalia? Muulize muuzaji kilo, akishindwa kukujibu omba mizani, toa kilo moja mbili za jalada, piga hesabu. Ila kipimo hiki ni cha sponji nzima tu, yale yaliyogandishwa kwa vipande vipande, mnayaita chipsi, ni mazito kwa asili yake, usiyalinganishe na haya.

Kwenye waranti, huyo jamaa kucheka ni utovu wa adabu lakini ndani ya kicheko kuna kitu alitakiwa akueleze siku ya kwanza, waranti nyingi za magodoro zinataka kitanda kiwe na chaga za kutosha na kama hakina hawakulipi. Alitakiwa aseme kabla ya kupokea hela. Ukinunua tena dai kadi ya waranti, isome hapohapo dukani, na dai risiti ya mashine (EFD) yenye saizi na unene wa godoro, sio karatasi ya mkono imeandikwa "godoro 1".

Kwa wengine mnaosoma ambao vitanda vyenu vimetoka nje ya nchi, tahadhari, vingi ni sentimita 180 kwa 200 au 160 kwa 200. Godoro letu la 6 kwa 6 ni 183 kwa 183, kwahiyo upande linabana na miguuni linaacha pengo la sentimita 17, mtoto mchanga anaingia hapo. Pimeni ndani ya kitanda, sio nje, kwa sentimita, muulize kiwandani kama wanakata kwa oda, msijaze pengo kwa mto.

Mdogo wangu, maumivu yanayoisha ukishaanza kuhangaika na kazi mara nyingi ni ya kulala, sina wasiwasi sana. Ila ikija ganzi inashuka mguuni, mguu ukaishiwa nguvu, au mkojo ukaanza kukusumbua, achana na mambo ya chaga, nenda hospitali, Sekou Toure au Bugando, siku hiyohiyo.

Deka la watoto, la juu weka godoro jembamba, inchi 4 inatosha kwa mtoto, kwa sababu bomba la kuzuia asianguke linatakiwa libaki limesimama angalau inchi 5 juu ya godoro na ukiweka la inchi 8 mtoto anabaki amelala usawa wa bomba. Aliye chini ya miaka 6 alale chini. Na uchungulie hapo pia, madeka mengi ya chuma yana vyuma vitatu vinne tu vya kulalia, fundi wa kuchomelea atakuongezea vingine ndani ya nusu saa.